Kazi Ipo Daftarini

Mwalimu Valeria hakuwa mtu wa maelezo. "Sitaki maelezo, nataka daftari." Maneno hayo aliyasema kila Ijumaa kwa miaka ishirini na mitatu, katika shule ya sekondari iliyo upande wa Mollo, pale mji unapoishia na mashamba kuanza. Wanafunzi waliyajua kuliko wimbo wa shule. Wakati wa mapumziko walibana pua na kuyasema kwa sauti yake, halafu wakaangalia nyuma haraka.

Daftari lenyewe lilikuwa na masharti. Lifunikwe kwa karatasi ya kaki. Pambizo lipigwe kwa kalamu nyekundu. Jibu la mwisho lichorewe mstari chini kwa rula, la sivyo ni kosa, hata liwe sahihi namna gani. Monita alikusanye kabla ya saa mbili kamili asubuhi. Daftari lililokosa sharti moja halikufika mezani kwa mwalimu, na kazi ambayo haikufika mezani kwa mwalimu haikufanyika duniani wala mbinguni. Halafu juu ya ubao, kwa rangi ya bluu, mama huyu huyu alikuwa ameandikisha: KUULIZA SI UJINGA. Miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Hebu niambie!

Sasa, Alhamisi moja ya mwezi wa tano, ulezi umeshakomaa na upepo wa Ufipa umeanza kung'ata masikio, Mwalimu Valeria alijikuta na majina mawili yanayosubiri kufutwa.

Jina la kwanza lilikuwa la Avelina, msichana wa kidato cha tatu aliyetoka Msanzi na kukaa kwa shangazi yake karibu na shule. Wiki sita mfululizo daftari la Avelina halikuonekana mezani. Sifuri sita. Mwalimu wa taaluma, Mwalimu Ezekiel, alitaka kesho yake saa nne apewe orodha ya wanaoondolewa mkondo wa sayansi, na orodha hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wa Valeria, ina jina moja na nafasi ya sahihi. Avelina alikuwa anataka kuwa daktari wa mifugo. Alishasema hivyo mbele ya darasa zima, na wenzake wakalia kama ng'ombe. Bila sayansi, udaktari wa mifugo angeusikia redioni tu.

Jina la pili lilikuwa la Valeria mwenyewe.

Ndiyo, la kwake. Tangu mwezi wa tatu alikuwa mwanafunzi. Chuo kimoja cha Mbeya kilikuwa kinawafundisha walimu wa hisabati kwa njia ya mtandao, wiki kumi, mbinu za kufundishia mtaala mpya. Mkuu wa shule alikuwa amesema wazi kwamba asiyemaliza mafunzo hayo hatapewa darasa la mtaala mpya mwakani. Na mwalimu wa hisabati asiye na darasa anafanya nini? Anagawa chaki. Anatunza funguo za maktaba. Valeria alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alikuwa anaipenda hisabati kama wengine wanavyopenda kwaya. Funguo za maktaba zingemuua.

Saa saba mchana ujumbe uliingia kwenye simu yake. "Ndugu mshiriki, umepata 0 katika kazi zote 8. Kama una maelezo, wasiliana na mkufunzi wako kabla ya kesho saa sita mchana. Vinginevyo jina lako litaondolewa."

Kama una maelezo! Alisoma mara tatu, amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Sifuri? Yeye? Kazi zote nane alikuwa amezifanya. Alizifanya kwenye kaunta buku jipya, limefunikwa kwa kaki, pambizo jekundu, kila jibu lina mstari wa rula. Kazi nzuri hivyo hata wewe ungetaka kuitundika ukutani.

Sasa ngoja nikwambie kilichotokea, na usicheke, maana hata wewe una lako.

Kila wiki, chini ya swali, kulikuwa na kisanduku cheupe kilichoandikwa "Jibu lako hapa". Valeria, mtu mwadilifu, alifanya kazi yake yote kwenye kaunta buku, kisha akaandika kisandukuni: "Kazi tayari. Ipo daftarini, ukurasa wa 3." Wiki iliyofuata: "Kazi tayari. Ipo daftarini, ukurasa wa 7." Akabonyeza, akafunga simu, akasubiri. Semina zote alizohudhuria maishani zilikwenda hivyo. Unafanya kazi, siku moja linakuja gari, anashuka mtu na faili, anakusanya madaftari, anagonga muhuri. Alikuwa hata ameshamtenga jogoo. Jogoo mwekundu, mnene, aliyelishwa pumba na mtama tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya mkufunzi siku atakapofika kukusanya daftari. Mumewe, Oswaldi, alikuwa akimwita jogoo huyo Mheshimiwa.

Na kwa nini hakuuliza? Hapo ndipo penye aibu. Siku ya kwanza ya darasa, mkufunzi alipoita jina lake, Valeria alisimama. Alisimama wima mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, akanyoosha kitenge, akajibu kwa adabu, na darasa zima likaona tumbo na ndege wa kwenye kitenge tu. Walioona hawakucheka, kwa sababu mwalimu mmoja wa Kirando naye alikuwa amesimama. Lakini Valeria alijua kwamba ameaibika. Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Wenzake vijana waliandika maswali yao haraka haraka, wakatumiana vikatuni vya kucheka, na yeye akaona akiuliza nani atakuja kuchukua madaftari watasema huyu bibi katokea wapi. Wiki ya tatu aliliandika swali hilo lote, akaliangalia, akalifuta herufi moja moja. Mwalimu wa KUULIZA SI UJINGA, jamani.

Basi Alhamisi ile alitoka shuleni bila kuaga, akaenda moja kwa moja shambani kwa mumewe. Pembeni ya shamba la ulezi kulikuwa na kichuguu, na juu ya kichuguu ndiko mtandao ulikokaa vizuri kuliko mahali pengine popote. Oswaldi alikuwa anakata masuke ya ulezi kwa kisu, akamwona mkewe anakuja mbio na kaunta buku kifuani.

"Mama Raymond, kuna msiba?"

"Wananifukuza shule, Baba Raymond."

"Mkuu anakufukuza?"

"Siyo kufundisha. Kusoma!"

Oswaldi akaweka kisu chini. Hakucheka, Mungu ambariki, ingawa mdomo ulimcheza.

Valeria akapanda kichuguu, akapiga. Wakati simu inaita alikuwa anapanga hoja zake. Alijua ataulizwa kwa nini hakufanya kazi, maana ndivyo yeye anavyouliza, na alikuwa tayari kuwaka moto. Na alijua jambo jingine pia. Akiambiwa "sitaki maelezo" atasema nini? Mwosha huoshwa.

Uso wa mkufunzi ukatokea. Atupele, binti wa Mbeya, hata miaka thelathini hajafika, kavaa sweta la kijani.

"Shikamoo, Mwalimu Valeria."

"Marahaba, mwanangu. Yaani, marahaba, Mkufunzi."

"Nimefurahi umepiga. Niambie, Mwalimu, umekwama wapi?"

Kwisha habari yake. Hoja zote zikayeyuka. Swali lile hakulitegemea, na hasira aliyokuja nayo haikuwa na pa kutua. Umekwama wapi. Upepo ulivuma kwenye ulezi. Atupele hakuharakisha, hakusema "haya, fanya upesi." Alikaa tu, anamwangalia, kama mtu mwenye siku nzima.

"Sijakwama," Valeria akasema mwishowe. "Nimefanya. Zote nimefanya. Mbona hamji kuchukua?"

"Kuchukua nini, Mwalimu?"

Akaliinua kaunta buku mbele ya simu. Atupele akalitazama. Kisha akainamisha macho, anasoma kitu upande wake, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Naomba nifungulie ukurasa wa tatu."

Valeria akafungua. Kazi ya kwanza, imejaa.

"Wa saba."

Kazi ya pili.

"Wa kumi na moja. Wa kumi na tano." Atupele akaweka mkono mdomoni. "Mwalimu, kila wiki umeniambia ukurasa. Wiki nane! Na mimi sijasoma hata mara moja. Kazi zinasahihishwa na mtambo, mtambo unatafuta majibu kwenye kisanduku, usipoyaona unaweka sifuri. Mimi nikaziona sifuri zimejipanga, nikasema huyu mama ni mvivu. Nisamehe sana, Mwalimu wangu. Nisamehe. Kosa ni langu."

Valeria alikuwa hajawahi kumsikia mwalimu akimwomba mwanafunzi msamaha. Siyo alipokuwa mtoto, siyo alipokuwa chuoni, na kwenye darasa lake mwenyewe ndiyo kabisa. Alidhani jambo hilo likitokea, dari litaanguka. Hakikuanguka kitu. Alijikuta anampenda yule binti wa sweta la kijani kama mtoto wake wa kumzaa.

"Sasa nifanyeje?" akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu mwezi wa tatu.

Atupele akamweleza polepole, hatua kwa hatua. Apige picha kila ukurasa, abonyeze alama ya kibanio cha karatasi, atume, na jina lake litabaki. Asiyeelewa arudie kuuliza. Valeria akauliza mara nne.

Kazi ikaanza palepale kichuguuni. Oswaldi alishika kaunta buku lisipeperushwe na upepo, huku na huku, vidole vina vumbi la ulezi, na mpaka leo kwenye picha zote ishirini na moja dole gumba la Oswaldi lipo. Valeria akatuma ya kwanza. Duara likazunguka, likazunguka, akashika moyo. Kisha maandishi ya kijani: "Imepokelewa."

"Yesu na Maria," akasema.

Ya pili, imepokelewa. Ya tatu, imepokelewa. Ilipofika ya ishirini na moja alikaa chini juu ya kichuguu na viatu vyake vya shule, akacheka, akalia, akapenga kamasi kwa ncha ya kitenge, akacheka tena. Mwili mzima ulimlegea. Alikuwa hajui kwamba kwa wiki nane alikuwa ametembea amekaza mabega namna ile.

"Kwa hiyo mkufunzi haji," Oswaldi akasema.

"Haji."

"Na Mheshimiwa je?"

"Mwache kwanza," Valeria akasema. "Mgeni hakosekani."

Alipofungua mkoba kurudisha kaunta buku, mkono wake ukagusa orodha ya Mwalimu Ezekiel. Akaitoa. Akalisoma lile jina moja. Furaha haikuondoka, lakini ilikaa kimya kidogo, kama watoto mgeni anapoingia.

Kesho yake, Ijumaa, alifika darasani saa moja na nusu. Vitus, monita, alikuwa anapanga madaftari, akashtuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Avelina ameleta daftari?"

"Hapana, mwalimu." Kijana akasita. "Yaani analeta, ila halina jalada. Namrudishia."

"Tangu lini?"

"Tangu ile wiki ya mvua kubwa."

"Wiki sita! Mbona hukuniambia?"

Vitus akaangalia viatu vyake. "Ulisema hutaki maelezo, mwalimu."

Hapo Valeria angeweza kumfokea, na zamani angemfokea vizuri tu. Lakini kijana alikuwa amesema kweli tupu. Akamwambia, "Haya, asante," na Vitus akabaki mdomo wazi, maana asante ya Mwalimu Valeria ilikuwa haijawahi kuonekana Mollo nzima.

Alimwita Avelina kwenye chumba cha maabara, kisicho na mtu asubuhi ile. Msichana akaingia, akaamkia, akasimama karibu na mlango kama mtu anayejua njia ya kutokea.

"Kaa," Valeria akasema.

Avelina akatazama kigoda, akamtazama mwalimu. Akakaa ukingoni.

"Umekwama wapi, mwanangu?"

Msichana akashika kidole kimoja kwa mkono mwingine. Valeria alihisi lile neno linapanda kooni, "sema upesi, nina kipindi," akalimeza. Alikumbuka upepo kwenye ulezi na binti aliyemsubiri. Akasubiri na yeye. Nje kengele ikalia, miguu ikapita barazani, kukanyamaza tena. Ni kazi ngumu kusubiri, asikudanganye mtu.

Kisha Avelina akafungua begi. Akatoa daftari lililovimba kwa maji, halina jalada, limefungwa kwa uzi wa kiroba, akaliweka mezani.

"Jiko la shangazi lilivuja, mwalimu. Kaki ikaozea humo. Shangazi alisema atatafuta nyingine, akawa anasahau. Nilitaka kufunika kwa gazeti, Vitus akasema sheria ni kaki."

Valeria akafungua uzi. Kazi ya kwanza ilikuwepo. Ya pili ilikuwepo. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, zote zimefanywa kwa tarehe yake. Na zote zilikuwa zimesahihishwa. Kwa penseli. Vema kwenye majibu sahihi, mikosi kwenye makosa, na alama juu kulia, na maoni chini. "Safi." "Jitahidi." "Soma swali kwanza!"

"Nani amesahihisha?"

"Mimi, mwalimu. Ukifanya masahihisho ubaoni, nilikuwa nafuatisha." Akainama. "Nilikuwa naandika kama unavyoandikaga wewe."

Valeria akatoa kalamu nyekundu, akaanza kupitia. Kazi ya nne ilikuwa na alama nne kati ya kumi. Akatazama swali la pili. Lina mkosi. Akakokotoa kichwani, akakokotoa tena. Jibu lilikuwa sahihi. Swali la tano, mkosi, jibu sahihi. La saba, hivyo hivyo.

"Avelina, hapa umejikosesha nini? Jibu si lenyewe hili?"

"Sikupiga mstari, mwalimu. Rula yangu ilivunjika wiki ile."

Mwalimu Valeria akavua miwani, akaifuta, na haikuwa na vumbi lolote. Mtoto wa watu, peke yake jikoni kwa shangazi, hakuna anayemwona, anajinyima alama sita kwa ajili ya rula. Kafundishwa na nani? Na Valeria. Alikuwa amemfundisha vizuri mno.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Kosa ni langu."

Dari halikuanguka safari hii pia. Avelina ndiye aliyeanguka, aliinamisha kichwa juu ya meza na kulia kwa sauti, kilio kile cha mtu aliyefika nyumbani mzigo ukiwa kichwani bado. Valeria akamwacha alie. Yeye akaendelea na kazi yake. Akaifuta ile mikosi sita ya rula, akaweka vema nyekundu, akaandika kumi kwa kumi. Chini ya kila kazi, mara sita, akaandika neno moja: "Imepokelewa." Na sahihi yake.

Mlango ukagongwa. Mwalimu Ezekiel akachungulia. "Mwalimu, nimekutafuta ofisini. Ile orodha?"

Valeria akaitoa mkobani, akalikata jina kwa mstari mmoja, kwa mkono tu, bila rula, na mstari ukaenda upande. Akampa.

Ezekiel akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Haina mtu. Na zile sifuri sita?"

"Zilikuwa zangu," Valeria akasema. "Nitakuja kukueleza. Maelezo ninayo."

Ezekiel akaondoka akitikisa kichwa. Avelina alikuwa ameinua uso, macho mekundu, anasoma daftari lake. Alisoma lile neno kwenye ukurasa wa kwanza, akafunua, akalisoma kwenye wa pili, akafunua tena, mpaka yote sita. Akavuta pumzi ndefu, halafu akacheka kidogo, akaziba mdomo kwa mkono.

"Sasa nisikilize," Valeria akasema. "Lifunike hilo hata kwa gazeti, hata kwa mfuko wa unga, mimi sitaki kujua. Na Jumapili baada ya misa ya pili, wewe na shangazi yako mje nyumbani kwangu."

Avelina akashtuka. "Kuna nini, mwalimu?"

"Kuna jogoo. Nimemlisha tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya mtu mwenye daftari."